Halali si Rangi ya Ukutani

Atokaye pwani akafika Kericho na Bomet hustaajabu: vilima vyote ni chai, na majani yake huja kunadiwa kwetu Mombasa. Lakini msafiri hashibi kwa kutazama.

Mkahawa wa kwanza tulioingia ulikuwa umeandikwa "Halali" mlangoni. Nilipouliza mchinjaji ni nani, mtumishi alicheka: "Nyama ni nyama, mzee." Nikatoka na njaa yangu.

Wa pili haukuwa na kibao. Mama mwenyewe alinijia, akasema: "Baba, nyama yetu haikuchinjwa na Mwislamu, sitakudanganya." Akaniandalia ugali wa wimbi, mgagani uliopikwa kwa maziwa, na chai iliyochemka ikakolea. Nikala, nikamshukuru Mola.

Si kila mwenyeji ajuaye sheria zetu, wala hatumlaumu kwa hilo. Twamlaumu aandikaye asilolijua ili auze. Neno halali ni amana. Mwenye mkahawa na alitunze, au alifute. Nasi wasafiri tuulize kwa adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji naye asimlishe mgeni uongo.