Utulivu wa Mkristo Haukatazi Machozi



Wapendwa wasomaji, muhula uliopita mwenzetu mmoja hapa seminarini aliitwa kupokea simu kutoka nyumbani. Baba yake alikuwa amelazwa wiki ya pili, mahindi yalikuwa yamekauka shambani kabla ya kubeba, na mdogo wake alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya michango. Alirudi bwenini kimya, akakaa kitandani. Nasi, kama ilivyo kawaida ya watu wa sala, tukaanza kumfariji. Mmoja akasema, "Jipe moyo, Mungu anajua." Mwingine akaongeza, "Baada ya dhiki faraja." Wa tatu akamkumbusha kwamba frateri hapaswi kuvunjika moyo, maana kesho yeye ndiye atakayewafariji wengine.

Akatuangalia, akasema, "Kwamba Mungu anajua, hata mimi najua. Ninachotaka kujua ni kama mama amekula leo." Kisha akalia.

Tulinyamaza. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: huu utulivu tunaouhubiri ni upi hasa? Maoni yetu ni kwamba utulivu anaotoa Kristo haukatazi machozi. Huanza pale mtu anapoyapeleka machozi yake kwa Mungu bila kuyaficha, na hutambulika kwa kuwa humwinua mtu na kumrudisha kwa wenzake. Utulivu wa namna nyingine, hata ukija umevaa rozari shingoni, tuuchunguze kwanza.

Utulivu wa bandia

Nyakati ni ngumu, na hatuhitaji kwenda mbali ili kuliona hilo. Mkulima hajui kama mvua itachelewa au itanyesha yote kwa siku moja na kubeba daraja. Kijana amemaliza chuo, na huu ni mwaka wa tatu vyeti vyake vimo kwenye bahasha. Mama anayeuza mboga sokoni akihesabu fedha jioni anakuta mtaji umepungua tena. Hata sisi mafrateri, ambao wengi hudhani tumeshafika, tunaishi bila kujua ya kesho. Kila mwisho wa mwaka walezi huandika tathmini zao, na si kila aliyeingia na sanduku lake ataendelea.

Mtu aliye katika hali hiyo huletewa utulivu wa kila aina. Upo ule wa chupa, maji na mafuta ya upako yanayouzwa kwa bei, pamoja na ahadi kwamba ndani ya siku chache shida itakuwa imekwisha. Isipokwisha, lawama humrudia mwenye shida: ataambiwa imani yake haikutosha. Upo ule wa simu, kuperuzi mpaka saa nane usiku ili mtu asipate nafasi ya kufikiri. Upo ule wa kilabuni. Na upo wetu sisi watu wa Kanisa, ambao pengine una hatari zaidi kwa sababu unafanana na ule wa kweli: "Usilie, ni mapenzi ya Mungu." Tukiwa wakweli, mara nyingi tunasema hivyo kwa sababu machozi ya mwenzetu yanatusumbua, na tunataka yaishe upesi ili tuendelee na mambo yetu.

Katika masomo ya falsafa tunakutana na Karl Marx, ambaye katika andiko lake la mwaka 1844 aliifananisha dini na kasumba. Ni rahisi kumkataa kwa sentensi moja katika mtihani, lakini ni vema kumsikiliza kwanza. Kasumba humwondolea mgonjwa maumivu na kumwachia ugonjwa wake. Humlaza. Je, hakuna faraja zetu za namna hiyo? Mfiwa anaambiwa asilie. Aliyedhulumiwa anaambiwa asamehe kabla hata hajasikilizwa. Mwenye njaa anaombewa, kisha anaagwa. Tukifanya hivyo, tunampa Marx ushahidi kwa mikono yetu wenyewe. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba hiyo ndiyo imani yenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza kipimo hiki kwa kila utulivu tunaoletewa: unamlaza mtu, au unamwinua?

Waliomwamsha Yesu

Sote tunalijua simulizi la dhoruba katika Injili ya Marko (Mk 4:35-41). Jioni, Yesu na wanafunzi wake wanavuka ziwa. Upepo unakuja, mawimbi yanaingia chomboni, naye amelala upande wa nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya mto. Wahubiri wengi hukazia usingizi ule na kutuhimiza tulale kama Yeye. Ni fundisho zuri, lakini tusiwasahau wanafunzi. Baadhi yao walikuwa wavuvi. Waliyajua maji yale tangu utoto, na walijua tofauti kati ya upepo wa kawaida na hatari ya kweli. Hawakujifanya wametulia. Walimwamsha, tena kwa lawama, wakimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia.

Hiyo ilikuwa sala, ingawa haikuwa na adabu tunayofundishana. Nayo ilisikilizwa. Kama Marko anavyosimulia, Yesu anaukemea upepo kwanza, na maji yanakuwa shwari. Ndipo anapowauliza kuhusu woga wao na imani yao. Swali hilo linatuhusu nasi hatulikwepi. Lakini tuangalie mpangilio wake: hakuwaambia wanyamaze mpaka imani yao ikomae, ndipo awasaidie.

Mama Kanisa analijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Kila Ijumaa usiku, katika sala ya Liturujia ya Vipindi tunayosali kabla ya kulala, anatuwekea midomoni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kumalizika kwa sifa. Hii huanza kwa kilio na kuishia gizani. Tulipokuwa wageni hapa seminarini ilitushangaza: kwa nini watu walazwe na zaburi kama hii?

Ijumaa ya wiki ile ya simu tuliisali kikanisani, mwenzetu yule akiwa katikati yetu. Safari hii hakuna aliyemhubiria. Zaburi ilisema kwa niaba yake yale ambayo sisi tulikuwa tumemkataza kuyasema. Baadaye alituambia kwamba usiku ule ndipo alipopata usingizi kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu. Baba yake alikuwa bado hospitalini, na shamba lilikuwa bado limekauka. Lakini kilio chake kilikuwa kimepata mahali pa kwenda, na kimepata watu wa kukibeba pamoja naye.

Sala hiyohiyo, baada ya zaburi, hutufanya tuiweke roho yetu mikononi mwa Mungu. Ni maneno ya Zaburi ya 31, ambayo Bwana wetu aliyasema msalabani (Lk 23:46). Na ni msalabani hapohapo alipolia kwa maneno ya Zaburi ya 22, zaburi ya aliyeachwa (Mk 15:34). Kilio na kujikabidhi vilitoka katika kinywa kimoja, saa ileile. Basi anayelia mbele za Mungu asiambiwe kwamba amepungukiwa imani. Yuko mahali ambapo Kristo mwenyewe alipita.

Mashahidi wawili

Mwaka 430 mji wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, ulikuwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Askofu wake, Mtakatifu Agostino, alikuwa mgonjwa, mzee wa miaka 75. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba Agostino aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kuwekwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma huku akilia sana. Huyu ndiye mwalimu aliyetufundisha, katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, kwamba amani ni utulivu unaopatikana kila kitu kinapokaa mahali pake panapostahili. Kwake yeye, machozi mbele za Mungu yalikuwa mahali pake. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo, mji ukiwa bado umezingirwa.

Shahidi wa pili ni wa karibu na nyakati zetu. Askofu Mkuu Nguyen Van Thuan wa Vietnam alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975. Alikaa kifungoni miaka 13 bila kuhukumiwa, na 9 kati ya hiyo akiwa peke yake. Aliamua kwamba hataishi kwa kuhesabu siku za kufunguliwa, bali ataijaza upendo siku aliyo nayo. Aliadhimisha Misa kwa siri, matone matatu ya divai na tone moja la maji yakiwa kiganjani mwake. Mwanzoni mwa kizuizi chake aliandika nyuma ya karatasi za kalenda kuukuu ujumbe wa matumaini kwa waamini aliotenganishwa nao. Mfungwa asiyejua kesho yake alikuwa akiwafariji watu walio nje! Kwa kipimo chetu, huo ni utulivu unaoinua.

Vyombo vingine ziwani

Katika simulizi lile la dhoruba Marko anataja jambo ambalo mara nyingi tunalipita: kulikuwa na vyombo vingine pamoja na kile cha Yesu. Kama ziwa lilikuwa shwari, basi lilikuwa shwari hata kwa waliokuwa katika vyombo vile. Kristo hatupi utulivu wa kufungia chumbani.

Tuliliona hilo katika jambo la mwenzetu. Tulichanga, kila mmoja kwa kadiri alivyojaliwa, na hazikuwa fedha nyingi. Mmoja wetu anayetoka kigango jirani akampigia simu katekista. Katekista akaiarifu Jumuiya Ndogo Ndogo ya pale, na akina mama wawili wakaenda na unga na maharage, wakamkuta mama amerudi kutoka hospitalini hajapika. Jioni ile mwenzetu alipata jibu la swali lake: mama amekula.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu waamini, nasi tukijiomba wenyewe, mambo matatu. Kwanza, tunapokusanyika katika Jumuiya kwenye nyumba yenye shida, tusikilize kabla ya kuhubiri, na tusiende mikono mitupu kama tuna cha kubeba. Pili, katika familia, kabla ya kulala, kila mmoja hata mtoto apewe nafasi ya kusema kilichomlemea siku hiyo, kisha isaliwe zaburi moja pamoja. Tatu, tusione aibu kuomba msaada. Kumwendea paroko kwa ushauri au kwa Sakramenti ya Kitubio, kumwendea daktari pale usingizi na hamu ya kuishi vinapopotea, yote hayo ni namna ya kumwamsha Yesu chomboni.

Hatusemi kwamba mambo yote yatakwenda vizuri. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, lakini hawakusema ni baada ya siku ngapi. Baba wa mwenzetu ametoka hospitalini, ila hana nguvu za kushika jembe. Mahindi ya msimu ule hayakupatikana. Mwenzetu bado yupo nasi, bado anasoma, na zipo siku anakaa kimya.

Wiki chache zilizopita frateri wa mwaka wa kwanza alipata habari mbaya kutoka kwao. Tulimkuta mwenzetu yule amekaa naye kwenye benchi nje ya kikanisa. Hakuwa akimwambia neno lolote. Baada ya muda mrefu akamuuliza, "Nyumbani wamekula?"

Bikira Maria, Mama uliyesimama chini ya msalaba, utuombee.