Buibui huyo mwache shimoni

ZAMANI kijana wa mtaani alifuga njiwa au sungura. Siku hizi TikTok imejaa watu wanaotembeza tarantula kiganjani, na kuna wanaotamani wao pia. Muhoroni, ambako ukitoka nyumbani hatua chache uko kwenye miwa, swali si la Wazungu pekee: ukimkuta buibui mkubwa mwenye manyoya shambani, umtie kwa mkebe umpeleke nyumbani?

Sisi tunasema hapana.

Tuanze na sumu, maana hapo ndipo watu hutia chumvi. Hajulikani mtu aliyekufa kwa kuumwa na tarantula. Lakini wa Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo wenzao wengi wa Amerika humrushia adui. Wao hutegemea kuuma. Yule wa rangi ya machungwa, Pterinochilus murinus, anayepatikana Kenya na Tanzania, ana hasira za karibu, na akikuuma maumivu huandamana na misuli kukakamaa, pengine kwa siku kadhaa. Sumu hiyo haina dawa yake maalum. Hospitali itakutuliza maumivu tu. Sasa fikiria chumba kimoja cha kukodi, wadogo zako wamelala chini, na kifuniko cha mkebe kimelegea.

Halafu kuna umri. Jike la Pelinobius muticus, buibui mkubwa wa Kenya na Tanzania, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, muda mwingi akiwa ndani ya shimo alilochimba mwenyewe. Ukienda chuo Nairobi, nani atamlisha mende? Mama? (Mama atammaliza kwa kandambili, na hatutamlaumu.)

Kubwa zaidi ni sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kutoka KWS, na udogo wa mnyama si kisingizio. Mei 2025, mahakama ya JKIA iliwaadhibu vijana wawili wa Ubelgiji, wote wa miaka 19, walionaswa Naivasha na malkia wa sisimizi takriban 5,000: faini ya Sh1 milioni kila mmoja au mwaka mmoja jela. Mkenya mmoja na raia wa Vietnam, kwenye kesi tofauti ya sisimizi hao hao, walipewa adhabu hiyo hiyo. Kwa hivyo mtu akikutafuta mtandaoni, eti umwokotee buibui akutumie kitu kidogo kwa M-Pesa, kumbuka atakayekutwa na mkebe ni wewe. Yeye yuko ughaibuni anasubiri mzigo.

Kama ni hamu ya kumjua tu, nenda jioni na tochi, mpige picha ukiwa mbali, kisha iweke kwa iNaturalist, ambako wajuzi watakusaidia kumtambua. Viatu vifunike mguu, na usitie mkono shimoni. Huenda mwenye nyumba ni nyoka.