Mtaro wa Nakivubo na cheti cha S4: ubunifu sasa una alama

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, mtaro wa Nakivubo hufurika, na maji machafu huingia madukani karibu na soko la Owino. Jirani yake ni Kisenyi, wanakoishi wakimbizi wengi, hasa Wasomali. Mwanafunzi anayepita hapo ana maswali ya sayansi mbele ya macho yake. Kwa nini maji hupanda haraka hivyo? Uchafu huo unaishia wapi? Jibu: kwenye kinamasi, kisha Ziwa Victoria, katika ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya mji.

Wazazi wengi huona maswali kama hayo yanapoteza muda wa mtihani. Wanataka noti na mitihani ya miaka iliyopita. Hofu yao inaeleweka: kwa familia iliyoacha kila kitu nyumbani, cheti ni mali ambayo mtoto anaweza kuhama nayo.

Lakini hesabu imebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ulianza S1 mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Mtihani wa UNEB sasa una 80%. 20% hutokana na kazi za darasani na miradi. Hata karatasi yenyewe huleta hali ya maisha na kumtaka mtahiniwa atumie alichojifunza. Aliyekariri tu hukwama.

Hapa ndipo mkimbizi anapoweza kuumia. Anayehama kutoka Nakivale kuja Kampala katikati ya S3 anaweza kuziacha alama zake nyuma, na asiye na alama za kazi na mradi anaweza kukosa cheti hata akifanya vizuri mtihani. Mzazi, kabla ya kuhama, omba shule ikupe rekodi hizo kwa maandishi, na uhakikishe shule mpya imezipokea.

Nao walimu wenye madarasa makubwa wanaweza kuchagua miradi isiyo na gharama: kuchuja maji ya matope kwa mchanga na makaa, au kuandika kila siku kiasi cha mvua inayoingia kwenye chupa iliyokatwa. Maji ya mtaro yasiguswe, na yaliyochujwa yasinywewe. Mtoto akieleza kwa nini, tayari anajiandaa kwa mtihani.