Ndoa Isingoje Keki



Katika ofisi za parokia kuna vitabu viwili vikaavyo rafu moja. Kitabu cha ubatizo hujaa upesi; kitabu cha ndoa huenda mwendo wa kinyonga. Wazazi waliokaa pamoja miaka minane au kumi huja na mtoto wa tatu abatizwe, nao wenyewe hawajafunga ndoa Kanisani. Siku hizi hali hiyo huitwa uchumba sugu. Ukiwauliza kisa chake, hakuna ugomvi wala kizuizi cha Kanisa. Jibu ni lile lile: "Karani, bado twajichanga."

Wajichanga kwa ajili ya nini? Ukumbi, keki, magari ya kukodi, sare za wasimamizi, muziki, na mtu wa kupiga video. Mwaka wa ukame fedha zaliwa. Mwaka wa mavuno mtoto aenda sekondari. Mwaka wa tatu bei ya kila kitu imekwisha kupanda. Na miaka hiyo yote, Jumapili kwa Jumapili, mama yule hubaki kwenye benchi wenzake wakienda kupokea Komunyo. Ajinyima chakula cha uzima kwa sababu ya pilau ya siku moja.

Basi sikilizeni habari za mtu aliyezijua karamu kuliko sisi sote. Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na babu yake. Naye babu alipokufa, kijana hajapita miaka 20, akarithi mali nyingi. Alikuwa ofisa wa jeshi, na imani alikuwa ameiacha. Alikula vya anasa, akaalika rafiki zake usiku kwa usiku, akatapanya fedha hata jamaa zake wakaiomba mahakama imwekee msimamizi wa mali. Baadaye aliandika mwenyewe ya kuwa katikati ya karamu zile moyo wake ulikuwa na huzuni, na kila alipobaki peke yake huzuni ile humrudia.

Mwaka 1883 na 1884 alisafiri Moroko, akawaona Waislamu wakisali, akashtuka moyoni. Oktoba 1886 aliingia kanisa la Mtakatifu Augustino mjini Paris, akamwomba Padre Huvelin amfundishe habari za dini. Padre hakubishana naye. Alimwambia apige magoti aungame, kisha akampa Komunyo siku ile ile. Tangu hapo Charles hakutazama nyuma: akawa mmonaki, kisha mtumishi wa masista huko Nazareti, akilala katika kibanda cha bustani. Mwaka 1901 alipewa upadre, akaenda jangwa la Sahara. Na tangu 1905 alikaa Tamanrasset, kusini ya Aljeria, kati ya Watuareg.

Huko hakuililia mali yake. Kilichomwuma ni kingine. Zamani zile padre hakuruhusiwa kusoma Misa bila mtu wa kumwitikia, naye alikuwa Mkristu peke yake. Noeli ya mwaka 1907 ikampita bila Misa. Mwezi uliofuata aliugua karibu na kufa. Ukame ulikuwa mkali, lakini maskini wale, nao ni Waislamu, walitafuta mbuzi waliobaki na maziwa kidogo, wakamnywesha. Mwisho wa Januari ruhusa ikamfikia kutoka Roma ya kusoma Misa peke yake; furaha yake ilikuwa kubwa mno. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Yeye alitamani Misa jangwani. Sisi Misa iko mwendo wa saa moja kwa miguu, nasi twangoja keki.

Sisemi sherehe ni dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha akawapa nyingine, tena nzuri zaidi. Lakini arusi ile haikungoja mpaka divai itoshe. Tena wenye kosa mara nyingi si hao wawili, ni sisi jamaa: shangazi anayesema, "Mtatutia aibu," na mjomba asiyetoa hata kuku, lakini ataka kuketi meza ya mbele. Habari ya mahari ni ya wazee, nayo ina heshima yake, siigusi leo.

Kanisa lahitaji mume na mke walio huru na wenye kukubaliana kwa hiari, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Kuna mafundisho kwanza, na matangazo ya ndoa. Nguo safi yatosha. Parokia nyingi hufungisha ndoa za watu kadha katika Misa moja, na wali wakapika pamoja. Chukueni vyeti vya ubatizo mwende ofisini. Na baba mwenye kuona haya kuja mchana, amwone kwanza katekista wa kigango chake, hata jioni; yeye atawaleta.