Kosa la prosija lipige kelele

Leo tuzungumzie prosija zinazokaa ndani ya hifadhidata, hasa namna programu inavyopokea majibu yake.

Mimi ni mpenzi wa prosija, na sababu yangu ni ya Griftu. Huku Wajir mtandao ukianza kusuasua, kila ombi kwa seva ya mbali ni safari. Programu inayotuma maombi manane ili kusajili chanjo ya ngamia ina nafasi nane za kukwama njiani. Prosija humaliza yote kwenye seva kwa ombi moja. Wanaozipinga, nahisi wengi wao wanakaa jirani na seva zao!

Shida iko kwenye jibu. Katika SQL Server, prosija inaweza kurudisha vitu vitatu: mistari ya jedwali, parameta za kutoa, na namba nzima moja ya hali. Wengi husoma mistari tu. Sasa chukulia prosija imekataa usajili kwa sababu namba ya mfugaji imeandikwa mara mbili. Inarudisha -1, bila mstari hata mmoja. Programu inaona jedwali tupu na kuandika "hakuna rekodi". Mzee aliyeswaga ngamia tangu alfajiri anaambiwa hayumo kwenye orodha, na kumbe yumo mara mbili.

Hata anayeitafuta ile -1 anaweza kuikosa. Ukitumia SqlDataReader, parameta za kutoa na namba ya hali hufika mwisho, baada ya mistari yote. Funga kwanza kisomaji, ndipo uzisome. MySQL, iliyopata prosija katika toleo la 5.0 mwaka 2005, ina vituko vyake: ukitumia mysqli ya PHP, baada ya mistari ya CALL kuna jibu moja zaidi la hali. Usipolipitia kwa next_result, ombi linalofuata hugoma na ujumbe "Commands out of sync".

Kwa hiyo naona namba za hali zisitumike kutangaza makosa. SQL Server ina THROW tangu toleo la 2012, na MySQL ina SIGNAL tangu 5.5. Prosija ikikataa, itupe kosa lenye maneno, programu ilinase na karani alisome: "Namba hii imesajiliwa mara mbili." Kazi ikienda sawa, irudishe jedwali moja lenye safu zenye majina, basi. Na kwa SQL Server weka SET NOCOUNT ON juu kabisa. Hapo sibishani na mtu.