Wazee wa misheni wanahitaji majirani

Tangu White Fathers walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910, Kagera imezoea kupokea wageni wa Injili. Siku hizi baadhi yao huja wakiwa wamestaafu kwao: daktari au mwalimu mwenye mvi, pamoja na mwenzi wake. Wakipangishiwa nyumba hapa Kanazi, kinachowaelemea si kazi waliyoijia. Ni ngazi zisizo na pa kushikia, maji ya kuchemsha kila jioni, na umeme unaokatika mvua inaponyesha, nao hawajui mshumaa uko wapi. Kuwakabidhi ufunguo hakutoshi. Mila ya Wahaya ni kumkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna. Basi tuwapelekee buni, kisha tuwaoneshe soko, tuwapatie fundi bomba mwaminifu na namba ya dereva wa usiku. Kukiwa na msiba, tuwapitie twende nao. Mzee aliyeacha wajukuu wake ili atutumikie anastahili kupata ndugu hapa. Kanazi, tuwapigie hodi wiki hii.