Manjano Yasimwachishe Mgonjwa Vidonge

Yuko mgonjwa anayeharisha damu na makamasi miezi nenda miezi rudi, tumbo likimsokota, mwili ukizidi kukonda. Huyu humwambia ni amiba, yule humwambia ni bawasiri, na kila mmoja ana mti wake wa kumpa. Kumbe huenda ana uvimbe sugu wa utumbo: ama ugonjwa wa Crohn, ama vidonda vya utumbo mpana. Maradhi haya hutulia, kisha huamka tena.

Mitishamba siibezi. Manjano tunayotia mchuzini yalipimwa Japani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 89 wa vidonda vya utumbo mpana, waliokuwa wametulia, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kukumini, kiini cha manjano, gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni. La pili likapewa kitu kisicho na dawa. Kati ya waliofuatiliwa miezi 6, ugonjwa uliwarudia 2 katika 43 waliotumia kukumini, na 8 katika 39 wasioitumia.

Hapo ndipo wauzaji wengi hukatiza habari. Wagonjwa wale wote, wa makundi yote mawili, waliendelea kumeza dawa zao za hospitali! Basi anayetupa vidonge kwa sababu ya manjano anautegemea ushahidi unaomkana. Isitoshe, katika gramu 100 za unga wa manjano, kukumini ni kama gramu 3 tu. Kijiko cha jikoni hakikaribii kipimo kile.

Mshubiri nao una mambo mawili katika jani moja. Ute wa ndani ulijaribiwa London, ukaleta nafuu kiasi kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini utomvu mchungu ulio chini ya ganda ni haluli kali, na mwenye vidonda vya utumbo hahitaji kuharishwa zaidi. Na nili, unga wa buluu utokanao na majani, iliyotuliza matumbo ya wengi huko Japani, iliwaletea wengine shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, hata wizara ya afya ya huko ikatoa tahadhari mwaka 2016.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu mgonjwa, kila unachokunywa mtajie daktari. Nanyi madaktari, msimkemee. Akikemewa leo, kesho ataficha. Mwulizeni kwa upole: ni mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani, tangu lini?